Reddy hakuuokotea uchumi njiani

Swali la msomaji: “Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, mwaka wa sita kazini. Kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba Y. V. Reddy, gavana wa zamani wa benki kuu ya India, alianza kama mkuu wa wilaya, hakuwa mchumi, na kwamba yeye ndiye aliyeiokoa India na anguko la fedha la 2008. Naomba kujua, mtu anatokaje wilayani hadi kwenye kiti kile? Na hiyo habari ya kuiokoa nchi ni kweli, au ni sifa ambazo wakubwa hupewa wakishastaafu?”

Marahaba, mwanangu. Waliokufundisha wamekusimulia hadithi tamu, ila wameikata mahali pawili. Wameukata mwanzo, kwa hiyo Reddy anaonekana kama mtawala aliyeokota uchumi njiani. Wameukata na mwisho, kwa hiyo anaonekana kama shujaa aliyesimama mlangoni siku ya gharika, wakati siku yenyewe ilipofika alikuwa ameshakabidhi ofisi.

Yaga Venugopal Reddy alizaliwa Agosti 1941 katika wilaya ya Kadapa, sehemu kavu ya jimbo ambalo leo ni Andhra Pradesh. Alisoma uchumi hadi shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Madras, akafundisha somo hilohilo kama mhadhiri, na ndipo mwaka 1964 akaingia katika utumishi wa utawala wa India, unaojulikana kwa herufi IAS. Shahada ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Osmania, Hyderabad. Kwa hiyo alikuwa mchumi kabla hajawa mtawala. Kilichokuwa kigeni kwake ni ile kazi ya wilayani.

Na hapo pia tuelewane, kwa sababu neno “mkuu wa wilaya” linatupotosha sisi. DC wetu ni mteule wa Rais, anakuja na kuondoka na upepo wa siasa. Wa India huitwa Collector, jina lililobaki tangu enzi za Kampuni ya East India, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi. Anaingia kazini kwa mtihani wa taifa ambao maelfu kwa maelfu huufanya na wachache mno hupita, anapelekwa chuo cha Mussoorie kule milimani, kisha anapangiwa jimbo moja ambalo litakuwa nyumbani kwake kiutumishi mpaka astaafu. Wilayani anashika rejista za mashamba, kodi, maafa, usalama na usimamizi wa uchaguzi. Chukua DC, mkurugenzi wa halmashauri na meneja wa mamlaka ya mapato, uwaweke kwenye kiti kimoja, kisha umkabidhi kijana ambaye hajafika miaka 35. Hapo utakuwa umekaribia.

Swali lako la njia linajibiwa na utaratibu mmoja wa mfumo ule. Afisa wa IAS ni wa jimbo lake, lakini huazimwa na serikali kuu kwa miaka kadhaa, kisha hurudi, kisha huazimwa tena. Mwenye bahati na akili huenda na kurudi hivyo maisha yake yote. Reddy alipita wilayani, akaenda Benki ya Dunia Washington, akarudi Andhra Pradesh kwenye fedha na mipango ya jimbo, akaitwa Delhi Wizara ya Fedha, akapita na Wizara ya Biashara, akarudi Fedha kuwa katibu anayeshughulikia mabenki. Mwaka 1996 akawa naibu gavana wa Reserve Bank of India, yaani benki kuu yenyewe, RBI kwa kifupi. Mwaka 2002 akapelekwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kuwa mkurugenzi mtendaji anayewakilisha India, Bangladesh, Sri Lanka na Bhutan. Septemba 2003 akarudi kuwa gavana.

Ukiisoma orodha hiyo haraka utaona vyeo tu. Isome tena ukijiuliza kila mara alikuwa amekaa upande gani wa meza. Jimboni alikuwa mkopaji. Andhra Pradesh ya miaka ya 80 iliongozwa na N. T. Rama Rao, mwigizaji wa sinema aliyechaguliwa mwaka 1983 kwa ahadi ya mchele wa rupia 2 kwa kilo, na ahadi ya namna ile mtu wa fedha ndiye anayeitafutia hela kila mwezi. Washington alikuwa upande wa mkopeshaji. Delhi alikuwa mkopaji tena, safari hii kwa niaba ya nchi nzima. Watu wanaopanda ngazi moja tu, ndani ya benki kuu tangu ujana, hawapati nafasi ya kukaa pande zote mbili. Mimi nimefundisha fedha za umma miaka mingi, na ninachokiona kwa wanafunzi wangu wengi ni kwamba wanaijua vizuri bajeti ya aliyewaajiri na hawajui inavyoonekana kwa anayepelekewa maombi.

Sasa tufike mwaka 1991, maana bila huo hutamwelewa Reddy wa 2005.

Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Mafuta yakapanda bei. Wahindi waliokuwa wakifanya kazi Ghuba wakasombwa kwa ndege kurudishwa kwao, zaidi ya laki moja, na pesa walizokuwa wakituma nyumbani zikakatika. Wahindi wengine wa ng'ambo, waliokuwa wameweka dola zao katika mabenki ya India kwa sababu riba ilikuwa nono, wakaingiwa na hofu wakaanza kuzitoa. Serikali ikaanguka, ikaja nyingine isiyo na wabunge wa kutosha hata kupitisha bajeti kamili. Mwezi Mei 1991, katikati ya kampeni, waziri mkuu wa zamani Rajiv Gandhi akauawa. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imeshuka tangu mwanzoni mwa mwaka hadi dola bilioni 1 na kitu, fedha ya kulipia bidhaa za kutoka nje kwa wiki mbili tatu tu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 800.

Reddy wakati huo alikuwa katibu msaidizi Wizara ya Fedha, na meza yake ilikuwa ya urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zinazoingia nchini na zinazotoka. Maana yake ni kwamba yeye ni mmoja wa wale waliojua kila asubuhi kimebaki nini na nani anadai leo. India ilikuwa haijawahi kushindwa kulipa deni la nje, na kundi dogo la maafisa lilikuwa limeapa kwamba haitaanzia mikononi mwao. Ndipo likaja wazo la dhahabu.

Awamu ya kwanza, Mei 1991, zilitumika tani 20 ambazo serikali ilikuwa imewanyang'anya walanguzi kwa miaka mingi. State Bank of India iliziuza kwa benki ya Uswisi kwa makubaliano ya kuzinunua tena. Ikapatikana kama dola milioni 200. Haikutosha. Mwezi Julai, RBI yenyewe ikasafirisha karibu tani 47 kwenda Benki Kuu ya Uingereza, ikaziweka rehani huko na kwa Benki Kuu ya Japani, ikapata dola milioni 405 hivi. Ilibidi dhahabu isafirishwe yenyewe kwa ndege, kwa sababu wakopeshaji hawakutaka ahadi ya dhahabu iliyolala Bombay.

Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2017, Reddy anasimulia kwamba gari lililobeba dhahabu liliharibika njiani likielekea uwanja wa ndege. Piga picha. Gari limesimama barabarani Bombay, mji usiolala, na ndani yake kuna heshima ya taifa katika matofali ya manjano. Walinzi wakaruka chini na bunduki zao wakalizunguka, na wapita njia hawajui kuna nini. Taharuki iliyowapata wenye kujua siri unaweza kuikisia. Magazeti hayakuchelewa kuipata habari, na nchi ikaona haya. Kwa familia ya Kihindi, kutoa vito vya mke na kuvipeleka kwa mweka rehani ni jambo la usiku, la mlango wa nyuma, ambalo jirani akilijua mzee wa nyumba hushindwa kuinua macho. Safari hii jirani alikuwa dunia nzima.

Dhahabu ilikombolewa kabla mwaka haujaisha. Serikali mpya ya Narasimha Rao, na Manmohan Singh akiwa waziri wa fedha, ilishusha thamani ya rupia kwa awamu mbili, tarehe 1 na 3 Julai, na mageuzi mengine yakafuata ambayo umeshayasoma kila mahali. Sitayarudia. Nataka utazame tu kamati moja iliyoundwa mwaka huohuo chini ya C. Rangarajan, kuchunguza urari wa malipo ulivyofika pale, na Reddy akawa katibu wake. Hitimisho lao linaweza kusemwa kwa lugha ya sokoni: pesa zinazoweza kuondoka usiku usizijengee nyumba. Deni la nje la muda mfupi libanwe, amana za kukimbilia riba zipunguzwe, wawekezaji wanaojenga kiwanda wapewe kipaumbele juu ya wanaoleta pesa za kupita, na madaftari ya deni yatunzwe vizuri ili serikali isishtukizwe tena na madeni yake yenyewe.

Kisha Reddy akawa naibu gavana. Wakati ule RBI ilikuwa na ugonjwa wa tangu 1955. Serikali ikipungukiwa, salio lake katika benki kuu lilijazwa lenyewe kwa dhamana za muda mfupi zilizotolewa papo hapo, yaani fedha mpya ilichapwa bila mtu kuamua kuichapa. Mtindo huo ulikomeshwa Aprili 1997, ukaletwa utaratibu wa overdrafti yenye kikomo. Hii haikuwa kazi ya mtu mmoja, Rangarajan ndiye aliyekuwa gavana na mazungumzo yalianza kabla Reddy hajafika. Lakini kazi ya kuandika makubaliano ya aina hii hufanywa na mtu anayejua jinsi hazina inavyofikiri ikiishiwa, na pale RBI sasa walikuwa naye.

Mwezi Agosti mwaka huohuo alifanya jambo ambalo watumishi wa umma kwa kawaida hawalifanyi. Thailand ilikuwa imeachia sarafu yake mwezi uliotangulia, na Asia ya Mashariki ilikuwa inaanza kuungua. Katika hotuba huko Goa, Reddy alieleza kwamba ukipima kwa vipimo vya kawaida vya kitaalamu, rupia ilikuwa imepanda kupita thamani yake. Naibu gavana anasema hadharani kwamba sarafu ya nchi yake ina bei kubwa mno! Soko likashtuka, rupia ikaanza kushuka, kutoka chini kidogo ya 36 kwa dola hadi karibu 40 miezi michache baadaye. Wapo waliomlaumu kwa ulimi mrefu. Mimi naona alijua alichokuwa akikifanya. Sarafu iliyoshikiliwa juu ndiyo iliyowaponza Wathai, na kuiteremsha kabla ya kusukumwa kuna gharama ndogo kuliko kuangushwa.

Haya, tufike kwenye ile miaka mitano ya ugavana, Septemba 2003 hadi Septemba 2008.

Ilikuwa miaka ya neema. Uchumi ulikua kwa karibu asilimia 9 kwa mwaka kuanzia 2005, dola zilimiminika, bei za viwanja mijini zikaruka. Tatizo la Reddy lilikuwa kinyume cha 1991: mafuriko. RBI ilinunua dola ili rupia isipande kupita kiasi, lakini kila dola iliyonunuliwa iliachia rupia mtaani, na rupia zikizidi bei hupanda. Mwaka 2004 yeye na wizara wakabuni utaratibu wa kuuza hatifungani maalumu za kunyonya rupia zile, na fedha iliyopatikana serikali haikuruhusiwa kuitumia. Akiba ya nje ikapanda kutoka chini ya dola bilioni 100 hadi bilioni 300 hivi. Wachumi wengi wa London na New York waliiona akiba hiyo kama ushamba, pesa zilizolala badala ya kuzalisha. Lakini mtu aliyewahi kuhesabu wiki mbili za mafuta hamwelewi kirahisi mtu wa New York.

Nikuonyeshe kazi yake kwa karibu, kwa mfano mmoja tu. Benki inapokopesha, sheria huilazimu kutenga mtaji wake yenyewe, fedha za wenye hisa, ili mkopo ukioza wasiumie walioweka amana. India kiwango kilikuwa asilimia 9, lakini kila mkopo hupimwa kwanza kwa hatari yake. Mkopo wa rupia 100 uliopewa uzito kamili, yaani asilimia 100, unadai mtaji wa rupia 9. Julai 2005 Reddy alipandisha uzito wa mikopo ya majengo ya biashara kufikia asilimia 125, kwa hiyo mkopo uleule ukadai rupia 11 na robo. Mwaka uliofuata akaufikisha 150, ukadai 13 na nusu. Hakuna aliyekatazwa kujenga ofisi. Benki ilipigiwa hesabu tu ikaona kwamba kumkopesha mjenzi kumekuwa ghali kuliko kumkopesha mwenye kiwanda cha nguo. Kilichokatazwa kabisa ni mabenki kuwakopesha waendelezaji kwa ajili ya kununua ardhi tupu, kwa hoja kwamba ardhi ndiyo mahali ulanguzi unapoanzia. Aliyewahi kushika rejista za mashamba wilayani hahitaji kusomewa jambo hilo kitabuni.

Lingine lilikuwa la uuzaji wa mikopo. Marekani katika miaka ile benki ilikuwa ikikopesha, inafungasha mikopo mia kadhaa kama mzigo mmoja, inauza mzigo, inaandika faida siku ileile na mameneja wanagawana bonasi. Mkopo ukija kuharibika ni shauri la mnunuzi. Mwaka 2006 RBI ikatoa mwongozo kwamba benki ikiuza mikopo, faida isihesabiwe yote siku hiyo, isambazwe katika umri wote wa mzigo uliouzwa. Sentensi moja tu ya kihasibu, na hamu ya kuuza mizigo ikapoa.

Pamoja na hayo akawa anapandisha riba polepole na kuwaongezea mabenki kiwango cha amana wanachotakiwa kukiweka benki kuu. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 4.5 alipoingia, kikafika 9 alipotoka. Riba ya RBI nayo ilikuwa 9. Wakuu wa mabenki walinung'unika, wauzaji wa nje walilia rupia ilipopanda 2007, na waziri wa fedha P. Chidambaram, aliyetaka ukuaji uendelee kukimbia, alitofautiana naye mara kadhaa, jambo ambalo Reddy mwenyewe hakulificha baadaye. Kuhusu uhuru wa benki kuu alikuwa na mzaha wake aliopenda: aliulizwa kama RBI iko huru, akajibu kwamba iko huru kabisa, na kwamba ameshapata ruhusa ya waziri wa fedha kusema hivyo. Wanaojua wizara zinavyofanya kazi hucheka, kisha hunyamaza.

Usije ukamwona kama mtu wa kufunga milango tu. Februari 2004 RBI yake ndiyo iliyomruhusu Mhindi wa kawaida kupeleka nje hadi dola 25,000 kwa mwaka bila kuomba kibali, jambo ambalo kwa kizazi kilichozoea kukaguliwa mifuko uwanjani lilikuwa kama ndoto. Mwaka 2005 mabenki yakatakiwa kuwa na akaunti za watu wa kipato cha chini, zisizodai salio au zinazodai kidogo sana. Alikuwa tayari kufungua, ila alitaka kwanza ajue mlango unafungikaje.

Je, aliiokoa India 2008? Aliondoka ofisini siku ya tano ya Septemba. Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ikaanguka tarehe 15. Kiti alikuwa amekikalia Duvvuri Subbarao, naye mtu wa IAS, wa kundi la 1972, aliyetoka moja kwa moja Wizara ya Fedha, na ndiye aliyepokea gharika lenyewe. Mikopo kati ya mabenki ikakauka, watu wakapanga foleni kwenye mashine za pesa za benki binafsi iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini baada ya uvumi kuenea, soko la hisa la Bombay lililokuwa juu ya pointi 21,000 mwezi Januari likashuka chini ya 9,000 mwezi Oktoba. Ukuaji wa uchumi ukapungua. India iliumia, asikudanganye mtu.

Lakini haikuvunjika, na hapo ndipo kazi ya Reddy inapoonekana. Akiba haiozi, tunasema. Zile asilimia 9 za amana alizokuwa akilaumiwa kwazo zikawa ghala. Subbarao alifungua: kufikia Januari 2009 kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi 5, fedha nyingi mno zikarudi mikononi mwa mabenki katika miezi michache, na riba ikashuka hadi chini ya 5 kufikia Aprili. Benki kuu ambayo haikupandisha wakati wa neema haikuwa na cha kushusha. Mikopo ya viwanja ilikuwepo lakini haikuwa imekula mtaji wa mabenki. Mizigo ya mikopo ya Marekani ilikuwa michache kwenye vitabu vyao. Joseph Stiglitz, mshindi wa Nobel, alisema Marekani ingekuwa na mkuu wa benki kuu kama Reddy isingejikuta katika balaa lile.

Hata hivyo nakuomba upunguze chumvi kidogo. Sehemu kubwa ya mabenki ya India, kiasi cha asilimia 70 hivi ya mali zote za sekta, ilikuwa ya serikali, hasa tangu Indira Gandhi alipotaifisha mabenki makubwa 1969, na waweka amana walijua serikali haitayaacha yafe. Vizuizi vya mitaji kuingia na kutoka vilikuwepo kabla ya Reddy. Alirithi nyumba yenye kuta nene, na sifa yake ni kwamba katika miaka ambayo kila mshauri alimwambia azibomoe kupata hewa, yeye alifungua madirisha mawili matatu akaziacha kuta. Mwaka huohuo wa 2008 kamati ya serikali iliyoongozwa na Raghuram Rajan, mchumi hodari aliyekuja kuwa gavana baadaye, ilikuwa ikipendekeza kufungua zaidi. Rajan hakuwa mjinga. Mawazo yake mengi yalikuja kutumika. Ila kwa ule mwezi mmoja wa Septemba, tahadhari ya yule afisa wa zamani wa wilaya ilionekana kuwa na akili zaidi, na lazima nikiri kwamba tarehe nazo zilimpendelea. Angebaki mwaka mmoja zaidi, tungekuwa tunamkumbuka kwa riba aliyoiacha juu huku viwanda vikisimama.

Baada ya hapo alirudi kwenye meza ya kwanza kabisa. Mwaka 2013 aliteuliwa mwenyekiti wa Tume ya Fedha ya 14, chombo cha kikatiba kinachopendekeza majimbo yapate kiasi gani katika kodi zinazokusanywa na serikali kuu. Tume yake ilipendekeza fungu la majimbo lipande kutoka asilimia 32 hadi 42 kwa mkupuo, na serikali ya Narendra Modi ikakubali mwaka 2015. Delhi palikuwa na walioshangaa kwamba mtu wa benki kuu, mlinzi wa mkoba, amekuwa mkarimu hivyo. Waliosahau ni kwamba aliwahi kuwa yeye anayesubiri mgawo kutoka Delhi, kila mwezi, na mishahara ya walimu inamsubiri. Ukweli ni kwamba wizara za kisekta za Delhi zilipunguziwa miradi ili kulipia ukarimu huo, kwa hiyo baadhi ya majimbo hayakuona nyongeza kubwa kama asilimia zinavyoonyesha. Lakini fedha iliyokuja safari hii haikuwa na masharti, na wewe wa halmashauri unajua tofauti ya fedha yenye masharti na isiyo nayo kuliko mimi.

Umeniuliza pia, kwa kuzunguka, kama njia hiyo ipo kwa mtu kama wewe. India haijaifunga. Shaktikanta Das, gavana kuanzia 2018, alisomea historia, akaingia IAS 1980, akapitia fedha ya jimbo la Tamil Nadu na ya Delhi. Aliyemfuata Desemba 2024, Sanjay Malhotra, ni mhandisi wa kompyuta aliyeingia IAS 1990. Kila mmoja akiteuliwa, maprofesa hulalamika kwamba kiti cha wachumi kimepewa watawala, na hoja yao ina uzito: mtumishi aliyezoea kusema “ndiyo, mheshimiwa” kwa miaka 35 ataanzaje kusema hapana siku moja? Kwa Reddy nadhani jibu liko Goa. Alishasema hapana mapema, akiwa naibu tu.

Kwetu hakuna utaratibu wa kuazimana wa namna ile, kwa hiyo itabidi ujitafutie. Ukipewa nafasi ya kuhamia ofisi ya mkoa kwa mwaka mmoja kwenye dawati la madeni ya wazabuni, ambalo kila mtu analikimbia, nenda. Shahada ya uzamili itakusubiri, na utakayosomeshwa utayaelewa mara mbili. Ukitaka kumsikia Reddy mwenyewe, hotuba nyingi za magavana na manaibu wao zimewekwa kwenye tovuti ya RBI, na zake zina mzaha ndani. Anza na ile ya Agosti 1997. Ukikwama kwenye kipimo cha thamani halisi ya sarafu, niandikie tena, tutakihesabu pamoja kwa shilingi.